Kipengele cha Tisa

Ombi la kumi na saba mwaka huu:
kubadili matumizi ya ardhi, bonde la Nyamwilenga,
kutoka kilimo kwenda biashara.
Kituo cha mafuta, maegesho ya malori,
vyumba kumi na viwili vya wageni.

Nimeshuka na buti za mpira na futi kamba,
ukungu wa Kilolo haujatoka kitandani.
Mwombaji, Ladislaus Mhavile, amevaa suti.
Si mtu mbaya. Ananishika mkono nisiteleze,
ananionyesha lami itakapopita,
anasema binti yake yuko chuo, mwaka wa pili,
na ada haichimbwi na jembe.

Kipengele cha tatu: umbali kutoka chanzo cha maji.
Mchoro unasema mita sitini na tatu.
Natazama tarehe. Oktoba,
mwezi ambao chemchemi hujikunja ndani kama konokono.
Leo ni Machi.
Naifunga kamba kwenye kigingi cha Ladislaus, natembea,
na kabla sijafika ishirini
maji yameingia ndani ya buti.

Mita kumi na nane.
Bonde lina vipimo viwili, fomu ina kisanduku kimoja.

Vinyungu vimelala chini ya maji.
Mama Sekikoti ananionyesha kwa mpini wa jembe
tuta lake lilipo,
kama mtu anayeonyesha kitanda cha mtoto aliyesafiri.
"Rudi Juni," anasema. "Rudi na Oktoba,
huko juu vumbi tupu, sisi hapa tunachoma mahindi."
Kwenye mchoro tuta lake linaitwa
*bustani ya msimu, fidia ndogo.*

(Ofisi yetu yenyewe, wanasema watu wa masjala,
ilikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe.
Kila masika sakafu hutoka jasho
na mafaili ya chini hulainika kama ugali.
Hakuna aliyewahi kuandika hilo popote.)

Kipengele cha tisa: athari za kiutamaduni.
Eleza kwa kifupi. Mistari miwili.
Mtaalamu aliyenitangulia alijaza:
*Hakuna makaburi. Mianzi tu.*

Hiyo mianzi tu
ni vichaka thelathini na kimoja,
na Vitalis, mgema, anapita kimoja kimoja
akibadilisha mbeta, akikata ncha upya, akitaja.
Huyu alikufa mwaka wa nzige.
Huyu alidaiwa mbuzi, hakulipa, bado anatoa kidogo kidogo.
Huyu alikuwa mkali; gema asubuhi, jioni humgusi.
Hawa wawili wembamba ni mapacha.
Hawa hatuwagemi.

Akanikinga kikombe cha plastiki.
Mtogwa wa asubuhi, bado mtamu, bado haujapata hasira.
Nikanywa.
"Babu yake mwombaji huyo," akasema Vitalis.
Ladislaus akacheka.
Kisha akaacha kucheka.
Akaenda hadi kwenye kigingi kilicho karibu na kichaka,
akaking'oa, akakitazama ncha yake yenye tope,
akakirudisha palepale.
Akapiga mara mbili kwa kisigino cha kiatu chake cha harusi.

Usiku, Iringa, taa ya mezani.
Nimeandika kumi na nane (Machi).
Nimeandika sitini na tatu (Oktoba).
Kisanduku cha pili nimekichora mwenyewe, kwa rula,
na bosi ataniuliza nani alinipa ruhusa.

Kwenye cha tisa nimeanza:
*Hakuna makaburi yaliyojengewa.* Nikakata.
*Wenyeji wanaamini kwamba.* Nikakata pia;
mimi sikuamini kitu, mimi nilikunywa.
*Mianzi, vichaka 31, kila kimoja kina*

mistari imekwisha.

Nimegeuza karatasi.
Upande huu hawakuchapa chochote.
Mlangoni buti zangu zimelala kifudifudi,
zinaendelea kutoa maji.